Mkia wa Namba Hauvuki Sita

Nawaona mnavyofanya, wanangu. Mtu anaagiza kitu ng'ambo, anaandika namba kwenye simu, simu inamwambia mzigo uko angani, sasa umetua, njoo uchukue. Ikichelewa kumjibu kwa muda wa kupuliza chai, ananuna. Mjukuu wangu alinuna hivyo juzi hapa sebuleni kwangu, nikamcheka mpaka naye akacheka. Nikamwambia, hiyo kazi inayofanywa na simu yako bibi yako aliifanya kwa mdomo, na koo lilikuwa halichajiwi.

Nilikuwa karani wa mizigo ya ndege. Miaka ya sabini nilikaa kiwanja cha Nduli, Iringa, ofisi ya bati yenye meza moja, mizani moja na redio moja ya kuongea na vituo vingine. Redio ile ilikwaruza kama mtu anayekwangua ukoko wa ugali. Nadhani nilipewa kazi kwa sababu ya sauti. Kwetu tulizaliwa wengi, asiyepiga kelele alilala na njaa.

Ufundi wenyewe nilifundishwa Mbeya, kile kiwanja cha mjini, na Mzee Anyosisye. Alikuwa Mnyakyusa mrefu, mpole, mwenye kofia asiyoivua hata akila. Ninyi mnaoanza kazi za mizigo leo mna kozi na vyeti, na ni vizuri. Sisi tulikuwa na Mzee Anyosisye. Kitu cha kwanza alichonifundisha ni kutoamini jina la mzigo.

"Jina ni porojo, binti," alisema. "Namba ndiyo mzigo."

Sikumwelewa mpaka siku lilipokuja debe la chuma lililoandikwa MBEGU. Mbegu! Wapagazi wetu wakalipeleka ghala la kilimo, likapangwa pembeni ya magunia ya mahindi ya kupanda. Bwana mifugo alikuja mbio anatafuta mbegu zake, kumbe ni mbegu za dume la ng'ombe, zimegandishwa ndani ya debe kwa ajili ya kupandikiza majike. Tulimwambia hapa hakuna. Alipotoa namba ndipo tukalipata, na mtunza ghala alikuwa ameshaandaa kopo la kupimia awagawie wakulima. Bwana mifugo yule hakutusalimia kwa muda mrefu.

Sasa hiyo namba. Kila mzigo wa ndege una hati yake, sisi tuliita weibili, na namba ya weibili hubandikwa kwenye kila boksi la mzigo huo. Tarakimu tatu za kwanza ni za shirika la ndege, hizo ni kama jina la ukoo. Zinafuata saba za mzigo wenyewe. Halafu inakuja moja ya mwisho, peke yake, ambayo Mzee Anyosisye aliiita mkia.

Mkia haukuwekwa kama pambo. Chukua zile tarakimu saba, zisome kama namba moja kubwa, igawanye kwa saba. Kile kinachobaki ndicho mkia. Basi. Kama mtu amekosea tarakimu moja tu wakati wa kunakili, mara nyingi baki litakataa kufanana na mkia, nawe utajua umeletewa namba kilema. Mzee alinifundisha kwa maharage mezani, mafungu ya saba saba, yanayobaki ndiyo mkia, mpaka nikawa naota maharage. Na kwa kuwa ukigawa kwa saba hakuwezi kubaki saba, wala nane, wala tisa, alikuwa na msemo wake: mkia hauvuki sita.

"Mtu akikuletea namba yenye mkia wa tisa," aliniambia, "mpe kiti. Ana safari ndefu."

Mama mmoja kutoka Igowole aliniletea namba ya namna hiyo. Tulimwita Mama Lukelo.

Ilikuwa Julai, baridi ya kwetu ile inayoingia mpaka kwenye meno. Alifika kiwanjani na lori la kijiji, amejifunga blanketi, mkononi ana karatasi ya simu ya maandishi iliyokunjwa hadi imechakaa. Alikuja na katibu wa kijiji chao, mwanamume mfupi, mkavu, ambaye pia alifundisha hesabu kwenye madarasa ya kisomo cha watu wazima. Lori lilikuwa limeshapakia magunia ya mbolea mjini, limefunikwa turubai, limefungwa kamba vizuri.

"Kamwene, mwanangu," alinisalimu.

"Kamwene, mama. Karibu."

"Nimekuja kuchukua vifaranga yangu. Imetoka Dar leo na ndege."

Nikamkaribisha benchi, na kwa kuwa ndege ilikuwa bado, akanieleza. Mwaka uliopita akina mama wa kijiji chake walijenga banda la kuku. Yeye ndiye aliyewashawishi, yeye ndiye aliyewasomesha waume zao mpaka wakakubali kukata miti na kufyatua matofali. Vifaranga wa kwanza waliletwa na lori kutoka Dar, wakapigwa jua njiani, wakafika wamekufa wote. Aliwazika mwenyewe nyuma ya banda. Kijiji hakikumtukana, ila kilianza kumwita Mama Banda Tupu, na hilo aliniambia huku anatazama sakafu.

"Sasa hii ni mara ya mwisho," alisema. "Mwambie, Katibu."

Katibu alikohoa. "Ndugu karani, sisi si watu wabaya. Mbolea ya kijiji inalowana kila mwaka, hatuna ghala. Banda limekaa bure. Kikao kimekubaliana, vifaranga wakifika wazima, banda ni la akina mama. Wasipofika, haya magunia unayoyaona yanashushwa humo leo hii."

Mama Lukelo akasema, "Nimeacha majiko manne inawaka huko bandani. Wenzangu wanakaa wanapuliza moto."

Ndege ikatua. Nikawapeleka wasimame karibu na uzio. Walishusha magunia ya barua, tairi la trekta, dawa za hospitali, kitanda cha mtoto. Halafu mlango ukafungwa. Mama Lukelo aliinama akatazama hata chini ya tumbo la ndege, kana kwamba vifaranga wangeweza kuning'inia huko. Ndege ikaondoka kwenda Mbeya.

Mjue mpango ulivyokuwa. Ndege ile ikifika Mbeya ilipumzika kidogo, ikageuka, ikapitia tena kwetu ikirudi Dar. Baada ya hapo mpaka wiki nyingine. Kifaranga wa siku moja huzaliwa na akiba yake tumboni, kile kiini cha yai, ndiyo maana anaweza kusafiri bila kula. Lakini si akiba ya wiki, na si kwenye baridi ya Julai. Kama walikuwa Mbeya, ilibidi warudi na ndege ile ile. Kama walikuwa Dar, au pengine popote, basi.

Nikawasha redio. Dar haikusikika kabisa, kukwaruza tu. Mbeya ikaitika, sauti ya Mzee Anyosisye ikaja na kupotea kama mtu anayeongea huku anapita nyuma ya nyumba. Alisema ndege imeshatua, wanashusha. Nikamsomea namba kutoka kwenye karatasi ya Mama Lukelo, haraka haraka, kwa kiherehere, nikiziacha zile tatu za shirika: tatu, moja, tisa, sifuri, mbili, nne, sita, mkia tisa.

Akauliza: "Mkia ngapi?"

"Tisa, Mzee. Ovaa." Hiyo ovaa ndiyo tuliyomwambia mwenzako kwamba sasa ni zamu yake kuongea.

"Binti. Nilikufundisha nini?"

Masikio yangu yalipata moto hapo hapo, na baridi yote ile. Akaendelea, kwa upole wake ule: "Hapa wameshuka vifaranga wa shamba la misheni tu, karatasi yao ninayo, na gari lao liko hapa linapakia. Namba yako haipo kwenye karatasi zangu, na haiwezi kuwepo kokote duniani. Katafute iliyo sahihi. Fanya upesi, rubani anaogopa mawingu."

Nilipogeuka nilimkuta Mama Lukelo mlangoni. Alikuwa amesikia. Aliuliza swali moja tu, "Namba yangu ni mbaya?" Na mimi, wanangu, nilitamani kumwambia hapana.

Nikamwambia Katibu, "Ndugu Katibu, wewe unafundisha hesabu. Nisaidie." Nikamweleza habari ya mkia. Angeweza kukataa. Magunia yake yalikuwa nje, banda lilikuwa linamsubiri. Lakini mwalimu ni mwalimu, ukimwonyesha hesabu ni kama umemwonyesha mbwa mfupa. Alipiga goti kwenye mizani yetu, sahani yake pana ilikuwa imejaa vumbi, akaanza kugawanya kwa kidole.

Wazo la kwanza lilikuwa rahisi. Tisa haiwezi kuwa mkia, basi huenda ni sita iliyosikika vibaya. Sita, tisa. Yatamkeni wenyewe kwa sauti, halafu mfikirie mtu wa posta ya Igowole anayeandika karatasi ile kwa kusikiliza simu ya waya kutoka Mafinga, upepo unapuliza nguzo. Silabi ni zile zile, zimebadilishana viti tu. Katibu akagawanya tatu moja tisa sifuri mbili nne sita kwa saba.

"Baki tatu," akasema.

Tulihitaji baki sita. Akarudia, akapata tatu tena. Kama kulikuwa na kosa la pili mahali pengine, tungelitafuta wapi, na rubani ameshaanza kutazama juu?

Mama Lukelo ndiye aliyesema. Alikuwa amesimama na blanketi lake, akitazama tarakimu za vumbi asizozisoma vizuri, akaanza kuongea polepole kama anayemkumbuka mtu.

"Mimi nilikuwepo pale posta. Yule kijana alikuwa anapiga kelele kwenye simu. Alisema tisa sita. Halafu akauliza, sita tisa? Halafu tena tisa sita. Mwisho akaandika. Mimi nikafikiri wanajua wenyewe."

Katibu alinitazama. Mimi nilimtazama Katibu. Kijana wa posta alikuwa amesikia vyote viwili, akavipanga kinyume! Nne, tisa, mkia sita. Katibu akafuta kwa kiganja, akaandika upya, tatu moja tisa sifuri mbili nne tisa, akagawanya huku midomo inacheza.

"Sita," alisema. Akasimama. "Baki sita! Inakubali!"

Mama Lukelo akaanza kupiga kigelegele, nikamzuia, mama, bado, bado. Nikarukia redio. Nikabonyeza, nikafungua mdomo, halafu nikaachia kitufe. Nilikuwa naenda kusema sita na tisa kwenye chombo kinachokwaruza kuliko simu ya Igowole. Mzee angesikia nini? Kama angezigeuza tena, angetafuta kitu kisichokuwepo, na ndege ingeondoka.

Nikamwambia Katibu shida yangu. Akajibu pale pale, kama alikuwa ameiweka mfukoni: "Sema kenda. Wazee wa zamani walihesabu nane, kenda, kumi. Kama huyo mzee wako ni mzee kweli, atajua."

Nikapiga kelele kama niko ng'ambo ya mto: "Mbeya, Mbeya! Tatu, moja, kenda, sifuri, mbili, nne, kenda! Mkia sita! Narudia, kenda! Mzee, usitazame karatasi, karatasi hupotea. Nenda kasome maboksi yenyewe, yaliyo kwenye gari la misheni! Ovaa!"

Redio ikakwaruza. Halafu nikamsikia anacheka, kicheko chake kile kifupi. "Kenda! Marehemu babu yangu amefufuka. Subiri."

Mbona kusubiri kule kulikuwa kubaya. Katibu aliendelea kugawanya namba kwenye vumbi, safari hii bila sababu. Mama Lukelo aliketi akafumba macho, nikadhani anasali, labda alisali. Nje mawingu yalikuwa yanashuka. Nilifikiria akina mama wenzake huko Igowole, wamechuchumaa kwenye banda la matofali waliyofyatuliwa na waume zao, wanapuliza mkaa kwa ajili ya vifaranga ambao hakuna aliyejua waliko.

Ngoja niwaambie hapa hapa nisije nikasahau. Tangu siku ile, kati ya Iringa na Mbeya, hatukusema tisa kwenye redio tena. Hakuna mkubwa aliyetuagiza, na kanuni zilitaka tusome kwa Kiingereza, lakini redio ikianza kukwaruza kila mtu hurudi kwenye lugha inayomtoka haraka. Tulisema kenda. Karani mgeni akija, jambo la kwanza tulimfundisha ni hilo, na wengine walidhani ni lugha ya siri. Ninyi mtasema sasa mashine inasoma mistari myeusi yenyewe. Ni kweli. Lakini siku mashine itakapozimika na mtu akakusomea namba kwa simu, mwombe arudie, tena airudie taratibu, na wewe umsomee ulichoandika. Halafu tazama mkia. Kalamu na karatasi havihitaji umeme.

Redio ikaita.

"Iringa. Ninao."

Nilimgeukia Mama Lukelo kwanza. Kitufe nilikisahau, mimi mwenye redio yangu.

"Iringa, unanisikia? Kwenye gari la misheni yamo maboksi ya namba mbili zinazofuatana, kama pacha. Yao mkia tano, yako mkia sita. Mtu huko Dar ameyabandika yote MBEYA. Dereva alishafunga mlango, alikuwa anatafuta ufunguo. Anasema aliona maboksi yamezidi, akadhani Bwana ameongeza. Nimemwambia Bwana akiongeza huwa anatuma na weibili. Anayabeba mwenyewe sasa hivi kuyarudisha kwenye ndege. Rubani analalamika, lakini nimesimama mbele ya ndege yake na kofia yangu. Ovaa."

Weibili ya Mama Lukelo, tulikuja kujua baadaye, ilibaki mezani Dar chini ya kikombe. Kikombe hakina kosa, na mtu wa kikombe simtaji.

Hapo nikamwacha Mama Lukelo apige kigelegele chake. Alikipiga mpaka walinzi wakaja. Lakini alipomaliza akashika mkono wangu, akauliza kwa sauti ndogo, "Wanasikika? Wanalia?" Sikujua. Mzee hakusema. Walikuwa wamekaa kwenye gari, kwenye baridi ya Mbeya, na kabla ya hapo angani, na sasa angani tena.

Ndege ilirudi ikiwa imekimbizwa na mvua. Nilikwenda mwenyewe mpaka kwenye mlango, nikapokea maboksi, ya karatasi ngumu yenye matundu pembeni, nikayapanga juu ya toroli. Yalikuwa kimya. Nilisukuma toroli lile hadi ofisini nikiwa na kimya kile, na sijawahi kusukuma kitu kizito hivyo, ingawa maboksi yenyewe hata mtoto angeyabeba.

Mama Lukelo alipiga magoti. Alifungua boksi la juu, akaingiza mkono polepole kama anayetoa mkate kwenye moto, akauacha humo. Katibu alivua kofia.

"Ina joto," Mama Lukelo alisema. Halafu akasema tena, akinitazama mimi, machozi yanamtoka wazi, "Mwanangu, ina joto!"

Mkono wake uliwaamsha. Kifaranga mmoja akalia, halafu wa pili, halafu maboksi yote kwa pamoja, kelele ndogo ndogo isiyo na mwisho iliyojaza ofisi ya bati. Walikuwa wamebanana wakalala, ndivyo wanavyojihifadhi. Sitawadanganya, wachache walikuwa wamekufa. Lakini wengi mno walikuwa wazima, wa njano, wenye hasira. Nilikaa chini sakafuni na sketi yangu ya kazi, nikacheka na kulia vyote pamoja, nikashukuru Mungu kwa sauti. Sijaona aibu mpaka leo.

Manyunyu yalikuwa yameanza. Dereva aliyabeba maboksi akayapanga nyuma ya lori, nasi tulipotoka tulimkuta Katibu ameshapanda juu. Alikuwa anafungua kamba, moja moja, kwa haraka, akavuta turubai lote kutoka kwenye magunia ya mbolea, akalishusha kwa dereva alitandike juu ya maboksi ya Mama Lukelo.

Nikamwita, "Ndugu Katibu! Mbolea ya kijiji inalowana!"

Hakugeuka hata kunitazama. Alikuwa ameshashuka, anachomeka pembe za turubai ili upepo usiingie.

"Iache," alisema. "Mbolea haisikii baridi."